Mkono Uliopooza Usinyimwe Kazi



Kuna ugonjwa uingiao nyumbani bila kubisha hodi. Baba amelala mzima. Alfajiri ataka kuvaa shati, mkono mmoja waning'inia kama kamba. Au mama yuko shambani, jembe lamponyoka, mdomo waenda upande, ulimi wakataa kutamka jina la mtoto wake. Ugonjwa huo ni kiharusi. Katika miji yetu wengi huujua kwa herufi tatu za Kifaransa, A.V.C. Leo hatutaeleza mambo yake yote. Twataka kusema juu ya jambo moja ambalo husahauliwa upesi mgonjwa akisha kutoka hospitalini: mkono wake, hasa vidole vyake, na namna jamaa wawezavyo kuvirudisha kazini.

Twasema "jamaa" makusudi. Katika siku za kwanza waganga wa hospitali hupigania uhai wa mgonjwa. Lakini mkono hufundishwa tena nyumbani, kwa miezi mingi, juu ya meza na juu ya mkeka wa nyumba ile ile. Na huko nyumbani huonekana pengine jambo la kuhuzunisha: mkono uliokuwa na tumaini la kupona wapotezwa na huruma ya watu wampendao mgonjwa.

Ugonjwa uko kichwani

Kwanza tufahamu vizuri. Mkono wa mgonjwa haukuvunjika. Mifupa yake 27 iko salama, na nyama zake hazikukatwa. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiutuma mkono. Mshipa wa damu ndani ya kichwa umezibwa na bonge la damu, au umepasuka. Sehemu ile ikakosa damu, ikafa. Ubongo wa upande wa kushoto hutawala mkono wa kuume, na ubongo wa upande wa kuume hutawala mkono wa kushoto. Ndiyo sababu ugonjwa hushika upande mmoja wa mwili. Tena, sababu iliyo kubwa kupita zote ni damu kusukumwa kwa nguvu mno katika mishipa, yaani ugonjwa ule tunaouita tensio.

Asiyejua hayo hutafuta adui. Huuliza ni jirani gani aliyemtupia baba ubaya, huchukua mbuzi kumpelekea mpiga ramli, juma lapita, mwezi wapita. Hasara ya mbuzi ni ndogo. Hasara kubwa ni mwezi ule, kwa maana katika miezi mitatu ya kwanza mkono huweza kuendelea upesi kuliko wakati mwingine wowote. Baadaye pia huendelea, hata baada ya miaka, lakini polepole zaidi na kwa jasho zaidi.

Huendeleaje? Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Lakini sehemu zilizo hai kandokando yake zaweza kushika kazi yake, kama vile mtoto wa pili ashikavyo kazi za kaka yake aliyekwenda mbali. Mtoto huyo hajui kazi hizo, sharti afundishwe. Na ubongo hufundishwa kwa kurudia. Je, mtoto wa shule hujua kuandika herufi moja vizuri kwa kuiandika mara tano? Huiandika mara mia, tena mara mia, mpaka mkono unaijua wenyewe. Vidole vilivyopooza navyo vyataka hivyo. Bandu bandu huisha gogo.

Jueni pia kwamba kwa kawaida mguu hutangulia kupona. Mgonjwa aweza kutembea kwa fimbo huku vidole vingali vimelala. Msikate tamaa kwa ajili hiyo. Kufunga kifungo au kushika sindano ni kazi ngumu kwa ubongo kuliko kupiga hatua, na sehemu kubwa ya ubongo hutumika kwa ajili ya mkono peke yake.

Huruma inayodhuru

Tazameni nyumba iliyo kama nyingi za kwetu. Baba amerudi kutoka hospitali. Mke wake amlisha kwa kijiko. Binti yake amfunga vifungo vya shati. Mjukuu amletea kikombe mpaka mdomoni. Wote wampenda sana. Siku za kwanza alijaribu kuutumia mkono mgonjwa, kikombe kikaanguka, watu wakakimbia wakisema: "Acha, baba, tutakufanyia sisi." Baada ya miezi miwili hajaribu tena. Mkono mzima wafanya kazi yote, na mkono mgonjwa umejifunza somo moja tu, kwamba hauhitajiwi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Aliona kwamba kiungo kilichodhoofika huweza kuzoea kutotumika, hata wakati nguvu zimekwisha anza kurudi. Basi yeye na wenzake wakafanya kinyume cha desturi: waliuvika mkono mzima glavu nene ili usishike kitu, wakaupa mkono mgonjwa kazi. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa huko Marekani kwa watu 222, ambao walikuwa wamepatwa na kiharusi tangu miezi mitatu hadi tisa. Wale waliovaa glavu na kufanya mazoezi kwa majuma mawili waliendelea kuliko wenzao, na baada ya mwaka mmoja faida ile ilikuwa ingalipo.

Lakini angalieni: watu wale walikuwa tayari wakiweza kukunjua vidole na kifundo cha mkono, ijapokuwa kidogo. Tena walisimamiwa na wataalamu. Ninyi msimfunge mgonjwa wenu mkono mzima kwa kamba wala kwa kitambaa. Mtu anayeyumba akifungwa mkono huo ataanguka na kuvunjika. Shikeni fundisho lenyewe: kila siku mkono mgonjwa upewe zamu yake, na mkono mzima ukae juu ya goti, upumzike.

Bwana wetu Yezu alipomkuta katika sinagogi mtu mwenye mkono uliokauka, hakuushika akauvuta. Alimwamuru yeye mwenyewe aunyoshe mbele ya watu wote. Aliyekuwa na uwezo wa kuponya kwa neno tu alitaka mgonjwa naye atimize sehemu yake. Sisi tunaowauguza wapenzi wetu tulikumbuke jambo hilo kila tunapotaka kuwanyang'anya kijiko.

Kazi za mkono, ngazi kwa ngazi

Kabla ya kuanza, mgonjwa aonwe na mganga wa hospitali, au na yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo tunayemwita "kine", aseme mkono uko katika ngazi gani. Kisha kazi ianze, nayo haihitaji vyombo vya bei kali.

Ngazi ya kwanza: mkono haujitikisi. Hapa kazi ni kuulinda na kuuamsha. Mgonjwa akikaa, mkono ulazwe juu ya meza au juu ya mto, usining'inie. Mara kadhaa kwa siku avifungue vidole vyake polepole kwa mkono mzima, kimoja kimoja, pasipo kulazimisha. Aweke kitambaa juu ya meza, mkono mgonjwa juu ya kitambaa, mkono mzima juu ya mgonjwa, na kuvisukuma mbele na nyuma kama mtu anayefuta meza. Autazame mkono wake wakati huo wote, naye atie nia ya kuusogeza.

Kuna pia kazi ya kioo, ambayo waganga wameiandika tangu mwaka 1999. Kioo husimamishwa mezani katikati ya mikono miwili, uso wake ukielekea mkono mzima, na mkono mgonjwa hufichika nyuma. Mgonjwa atazama ndani ya kioo, afungua na kufumba mkono mzima, na kujaribu kufanya vilevile kwa ule uliofichika. Machoni pake yaonekana kana kwamba mikono yote miwili yatembea. Wala si uganga wa giza. Ni njia ya kuukumbusha ubongo kazi yake.

Ngazi ya pili: mkono wasogea, lakini vidole ni vizito. Sasa afute meza kwa mkono mgonjwa peke yake. Ashike gunzi la mhindi, aliinue, alihamishe, aliachilie. Kuachilia ni kugumu kuliko kushika, kwa hiyo kuachilia ndiko kufundishwe zaidi. Watu wengi humpa mgonjwa mpira wa kubana kutwa nzima. Ikiwa vidole vyake vimekwisha kukunjamana na kukakamaa, hahitaji kujifunza kufumba. Ahitaji kujifunza kufungua. Asukume kikombe kitupu mbele, akirudishe. Akande unga uliotiwa maji baridi, na kuutandaza kwa kiganja kilichokunjuliwa.

Ngazi ya tatu: vidole vimeamka. Hapa kazi ni ndogondogo, na faida yake ni kubwa. Kidole gumba kiguse ncha ya kila kidole, kwenda na kurudi. Ahamishe maharagwe, moja moja, kutoka sahani mpaka kikombe. Aanze na makubwa, afuate madogo. Amenye karanga. Achume majani ya sombe kutoka vikonyo vyake. Abane nguo kwa vibanio kwenye kamba. Apange vifuniko vya chupa kimoja juu ya kingine. Afunue kurasa za kitabu. Ahesabu noti za franka, afunge na kufungua vifungo vya shati likiwa mezani, kisha likiwa mwilini. Kwa kuandika, kalamu izungushiwe kitambaa iwe nene, ndipo vidole viweze kuikamata.

Na kuna kazi moja ambayo kila nyumba ya Kikristu inayo. Rozari ya mafungu matano ina shanga 59, na kati yake 53 ni za Salamu Maria. Mgonjwa akiisali kwa mkono mgonjwa, kidole gumba na kidole cha shahada vyapitisha ushanga mmoja mmoja, mara 59, pasipo haraka. Jamaa wakisali naye jioni, wamngoje. Sala haipungui neema kwa kuwa imechukua muda mrefu zaidi.

Ni vizuri kufanya kazi hizo kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siku: robo saa asubuhi, robo saa mchana, robo saa jioni, na zaidi kama nguvu zipo. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi, na mkono uliochoka hujifunza vibaya. Kazi isiwe rahisi mno, wala isiwe ngumu hata kumvunja moyo. Kama maharagwe yote yaanguka, rudini kwenye magunzi. Kama hakuna hata moja linaloanguka, tafuteni yaliyo madogo zaidi.

Tena wekeni kipimo. Kila siku ya Mungu, baada ya Misa, hesabuni mkono mgonjwa waweza kuhamisha maharagwe mangapi kwa dakika moja, mkaandike hesabu hiyo katika daftari. Mgonjwa haoni maendeleo yake ya siku kwa siku, kama vile mzazi asivyoona mtoto wake akikua. Lakini akionyeshwa kwamba mwanzo wa mwezi alihamisha mawili na mwisho wa mwezi saba, atapata moyo wa kuendelea.

Je, hiyo ni kazi ya wanawake?

Twajua neno litakalosemwa katika nyumba nyingine. Baba wa jamaa, mtu aliyeheshimiwa kijijini, aketi penye mkeka kuchagua maharagwe na kuchuma sombe? Jirani watacheka. Yeye mwenyewe aweza kuona haya, akaukunja mkono wake chini ya koti na kukaa kimya mpaka jioni.

Mama, usimwachie haya hiyo immalize. Usimpe maharagwe kama mchezo wa mtoto. Mpe kazi ambayo nyumba yaihitaji kweli: karanga atakazomenya ndizo zitakazopikwa jioni, na watoto waambiwe ni nani aliyezimenya. Kama alikuwa fundi, awekewe misumari na parafujo azitenge kwa ukubwa wake. Kama alikuwa karani au mwalimu, apewe daftari ya hesabu za nyumba. Kama alikuwa mshonaji, apewe vifungo. Mkono hufanya bidii zaidi katika kazi unayoifahamu. Na ninyi wanaume mtakaomtembelea, msicheke. Ketini, menyeni pamoja naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kumbukeni pia kwamba karibu mtu mmoja kwa kila watatu waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni nzito. Hulia, hukasirika bure, au hukataa kila kitu. Msimwite mvivu. Huzuni hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, na mganga aweza kuitibu. Kama upande wa kuume ndio uliopooza, mara nyingi hata usemi wapungua. Pengine afahamu mengi lakini neno halitoki. Basi msiseme naye kama na mtoto mchanga, wala msimsengenye mbele yake. Mwonyesheni zoezi kwa mikono yenu, naye ataiga.

Hatari za kuepuka

Msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mnapomwinua au kumgeuza kitandani. Nyama zinazoshika bega zimelegea, na bega huweza kuteguka na kumletea maumivu ya miezi mingi. Mshikeni kiunoni na mgongoni.

Mkono mgonjwa huweza kukosa hisia. Maji ya moto, sufuria, babula yenye makaa, hata bugali uliotoka sasa hivi jikoni, vyaweza kumwunguza asijue. Maji yapimwe kwa mkono mzima. Wala msiuchome mkono huo kwa mawe ya moto, wala msiuchanje chale kwa kudhani damu mbaya itatoka. Ugonjwa hauko pale. Mtaongeza kidonda juu ya udhaifu.

Zoezi likileta uchovu kidogo, si neno. Likileta maumivu makali begani, au mkono ukivimba na kuwa wa moto, au vidole vikikaza siku kwa siku hata kucha zaingia kiganjani, acheni kulazimisha, mrudi hospitalini.

Dawa za tensio zisiachwe kwa sababu mgonjwa ajisikia vizuri. Kiharusi cha pili huweza kuharibu katika saa moja kazi iliyofanywa kwa mwaka. Msimpe aspirini kwa kubahatisha pasipo amri ya mganga, kwa maana ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo yaweza kuzidisha kutoka kwa damu. Na mkiona tena uso umelegea upande mmoja, mkono hauwezi kuinuka, au maneno yamevurugika, msingoje asubuhi. Angalieni saa jambo lilipoanza, maana mganga atawauliza, mkamchukue hospitalini mara moja.

Kama mkono haurudi wote

Haifai kuwadanganya. Kuna mikono inayorudi kabisa, kuna inayorudi nusu, na kuna inayobaki dhaifu ijapokuwa jamaa wamefanya yote yawapasayo. Mkono ambao baada ya miezi mingi haukujifunza kushika sindano waweza bado kuzuia karatasi isiteleze, kushikilia bakuli wakati mwingine ukoroga, kubana nguo kifuani. Mkono huo ungali mkono, nao wastahili kazi yake.

Mmesikia jina la Louis Pasteur, yule mtaalamu Mfaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1868, akiwa na miaka 45, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mkono na mguu wa upande ule havikurudiwa kamwe na nguvu zote za zamani. Kwa kazi nyingi za maabara alisaidiwa na mikono ya wenzake. Lakini hakuketi kungoja kufa. Tarehe 6 Julai 1885, karibu miaka 17 baada ya ugonjwa wake, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kupewa huko Paris chanjo iliyotengenezwa na Pasteur, akaishi. Mtu mwenye mkono dhaifu hakuwa mtu aliyekwisha.

Basi, wazazi wapenzi, ikiwa katika nyumba yenu au ya jirani yuko mtu aliyerudi hospitalini na mkono uliolala, juma hili chagueni pamoja naye kazi moja tu. Akubali mwenyewe, awe anaiweza kwa shida kidogo, nayo iwe na faida kwa nyumba nzima. Mwachieni kazi hiyo, hata akiifanya polepole, hata maharagwe yakimwagika chini. Watoto watayaokota. Nanyi mkiona mikono yenu yataka kukimbia kumsaidia, iwekeni mgongoni, mkamngoje.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya chumvi ya chakula na ugonjwa wa tensio.